Mavyaa asema maziwa yangu ndiyo yaliyomharisha mwanangu

SWALI

Assalamu alaikum Bi Nesi,

Nakuandikia kutoka Pate. Nina watoto wawili. Mkubwa ameanza chuoni, mdogo ana miezi minane. Mume wangu ni mvuvi, huenda dago, kambi ya wavuvi, na wenzake, akirudi hukaa nasi siku chache kisha baharini tena. Tunaishi nyumba moja na mamake.

Mwezi uliopita mdogo alianza kutapika usiku. Sikushtuka, nilidhani uji wa magharibi haukumkaa vizuri. Alfajiri mwili ulikuwa moto, na kabla ya adhuhuri akaanza kuharisha. Haikuwa kama nilivyozoea kwa mkubwa wake. Yalikuwa maji matupu, yakitoka kwa nguvu, hata nepi zikaisha nikarudi kwenye vipande vya kanga.

Mavyaa, yaani mamake mume wangu, alisema kwanza ni meno. Siku ya pili, alipoona hakupungui, akabadili neno, akasema mtoto amebemendwa, yaani amedhuriwa na unyumba wa wazazi wake angali ananyonya. Babake alikuwa ametoka dago juma lile, na mavyaa akaniambia mbele ya wifi zangu kwamba nimeshindwa kusubiri na maziwa yangu yameharibika. Akaniamuru nimwachishe ziwa papo hapo. Maji pia nisimpe, kwa kuwa kila akinywa yanatoka, "wamwongezea maradhi". Akamchemshia majani ya mpera. Mwalimu akaandika kombe, aya za Kurani za kuoshwa kwa maji akanyweshwa. Mimi nikatuma duka la dawa, nikaletewa chupa ya antibiotiki na vidonge vya kufunga tumbo, nikaambiwa nivikate nusu nusu.

Siku ya tatu hakucheza. Macho yaliingia ndani, utosi ulibonyea, akilia chozi halitoki. Hapo sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimfunga mbeleko nikateremka gati la Mtangawanda. Maji yalikuwa yamekupwa, boti haiwezi kupita mlango wa bahari wa Mkanda, tukakaa gatini tukingoja yajae. Bi Nesi, sijapata kuona bahari ikijaa polepole namna ile.

Hospitali ya Amu (Lamu) walimwekea dripu, kisha wakampa ORS, maji ya dawa yenye chumvi na sukari, kwa kijiko, na vidonge vya zinki tukaendelea navyo nyumbani. Daktari alisema ni virusi vya rota. Tulirudi anacheka na kunyonya, alhamdulillahi.

Lakini nyumbani hayajaisha. Mavyaa bado asema ni mimi, na kila nikimpa mtoto ziwa huondoka ukumbini. Wifi yangu amejifungua juzi juzi, naye ameshaonywa asije akafanya "kama fulani". Mume wangu hanilaumu, lakini pia hasemi neno mbele ya mamake. Nami usiku nikilala huwaza, je, kweli ni mimi?

Nataka kujua pia mwanangu aliuguaje na nyumba yangu ni safi, na kliniki alipewa matone. Na jana mtoto wa jirani, mwenye mwaka mmoja, ameanza vilevile, atapika na kuharisha. Mamake amekatazwa kumpa maji. Nimwambie nini? Na mavyaa wangu niseme naye vipi bila kumvunjia heshima?

Mama wawili, Pate

JIBU

Waalaikumu salaam mwanangu,

Kabla sijafika kwako, nakuomba uende kwa jirani sasa hivi. Mengine yote ya barua hii yanaweza kungoja, lakini mtoto yule hawezi.

Mwambie mamake kwamba mtoto anayeharisha hadhuriwi na maji anayokunywa. Anadhuriwa na maji na chumvi zinazomtoka bila kurudishwa. Ni kweli kwamba akinywa huendelea kuharisha, na kwa macho ya mtu yaonekana yale yale yaliyoingia ndiyo yaliyotoka. Sivyo. Sehemu kubwa hubaki mwilini, na hiyo ndiyo inayomweka hai mpaka virusi viishe vyenyewe.

Atafute pakiti ya ORS, zahanati au dukani. Asome kwanza imeandikwa nini, maana ziko za nusu lita na ziko za lita nzima. Ya lita ikitiwa kwenye nusu lita huwa chumvi nyingi mno, na ya nusu lita ikitiwa kwenye lita haina nguvu. Chupa ya maji ya dukani yatosha kuwa kipimo. Maji yachemshwe, yapoe, ndipo unga utiwe wote, usigawanywe.

Na hili nawaambia hasa nyinyi wa visiwani: maji ya kisima chenye chumvi hayafai kukorogea ORS. Kuchemsha huua vijidudu lakini chumvi haitoki, na ORS tayari imepimiwa chumvi yake. Tumieni maji ya mvua ya jabia, au ya kununua, yaliyochemshwa. Wengi huambiwa "maji safi" bila kuelezwa hili, nami huona ni kosa kubwa, kwa sababu kwetu maji yanaweza kuwa safi na bado yakawa ya chumvi.

Ampe kwa kijiko kidogo, kila dakika moja au mbili. Asimpe kikombe akagugumia, atatapika. Akitapika, angoje dakika 10 kisha aanze tena, polepole zaidi. Kwa mtoto chini ya miaka 2, kila baada ya choo cha maji apate mililita 50 hadi 100, yaani kama robo kikombe hadi nusu. Mkubwa zaidi ya hapo apate maradufu. ORS iliyokorogwa ikipita saa 24 imwagwe, ikorogwe nyingine.

Pakiti ikikosekana kabisa, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu, visiwe vya kilima. Auonje mchanganyiko huo kabla ya kumpa mtoto. Ukiwa na chumvi kuliko machozi, aumwage. Dafu si baya, mtoto anaweza kunywa pamoja na ORS, lakini haliwezi kushika nafasi yake kwa sababu chumvi anayoipoteza mtoto ni kidogo mno ndani ya dafu. Soda na juisi za pakiti asimpe, sukari yake nyingi huvuta maji zaidi tumboni. Ziwa aendelee, na chakula chake cha kawaida, kidogo kidogo.

Aombe na zinki. Mtoto wa miezi 6 kwenda juu hupewa miligramu 20 kila siku, aliye chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge huyeyuka kwenye kijiko cha maziwa ya mama. Kosa linalofanyika kila siku ni kuacha tumbo likishatulia. Amalize, kwa sababu zinki hufupisha kuharisha kwa sasa na humpunguzia mtoto kurudiwa miezi 2 au 3 ifuatayo.

Na asingoje siku ya tatu. Mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akatapika kila kitu, akalegea au akawa mgumu kuamka, macho yakaingia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikarudi polepole, mkojo ukakatika, au choo kikawa na damu, ateremke gatini. Na kijiko ateremke nacho. ORS hunyweka gatini, hunyweka botini, hunyweka penye foleni ya hospitali. Maji ya bahari yakipwa hatuna la kufanya, lakini saa zile za kungoja si lazima mtoto azipitishe mkavu.

Sasa lako.

Hapana mwanangu, si wewe. Nakuandikia hivi wazi kwa sababu najua neno lile linavyokaa kifuani mwa mama. Nimewaona wodini wanawake waliokuja na mtoto mahututi, na jambo la kwanza walilosema si homa wala kuharisha. Walisema, "Nisamehe, ni mimi." Wengine walikuwa wamechelewa kuja kwa kuona haya, wakidhani daktari ataujua unyumba wao akimtazama mtoto. Aibu ile huwachelewesha, na kuchelewa huko ndiko kunakoua.

Maziwa ya mama hayaharibiwi na mumewe kurudi dago. Na kwa kuwa nyumba yenu ni ya watu wa dini, mwambie mumeo amuulize mwalimu juu ya hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, aliyoipokea Judama binti Wahb. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikusudia kukataza mume kumwingilia mke anayenyonyesha, kisha akazingatia kwamba Warumi na Waajemi wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, akaacha kukataza. Basi hofu hii ni kongwe, na iliulizwa ikajibiwa kabla ya Pate kuwa na msikiti. Na katika Sura ya Baqara, aya ya 233, kina mama wameelekezwa kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kukamilisha. Kumwachisha ziwa mtoto wa miezi minane, tena mgonjwa, ni kumnyima kinywaji chake bora na chakula chake bora kwa mara moja.

Kilichomuuguza ni virusi. Vilionekana mara ya kwanza kwa watoto wenye kuharisha mwaka 1973, Melbourne, Australia, na Ruth Bishop pamoja na wenzake, kwenye vipande vidogo vya utumbo vilivyotazamwa kwa hadubini ya elektroni. Utumbo mwembamba wa mtoto ndani yake umejaa vijinyuzi laini kama vinyweleo vya ngozi, na hivyo ndivyo vinavyofyonza maji na chakula. Rota huvivamia ncha. Vikishaharibika, maji hayafyonzwi, hupita tu. Huchukua kama siku mbili tangu virusi kuingia mpaka dalili, halafu huanza vile vile ulivyosimulia: kutapika na homa kwanza, kuharisha kunafuata, na kwa kawaida huendelea siku 3 hadi 8. Ulichokiona usiku ule kilikuwa rota tangu tapishi la kwanza. Uji haukuwa na kosa, na meno pia hayana kosa. Mtoto huota meno katika umri ule ule anaotambaa na kutia kila kitu mdomoni, ndiyo maana meno yamesingiziwa miaka yote.

Ajabu ya maji ya ORS ni kwamba hata utumbo ukiwa umejeruhiwa hivyo, njia moja hubaki: sukari na chumvi zikifika pamoja kwa kipimo sawa, huingia mwilini zikishikana, na maji huzifuata. Maji matupu hayapati njia hiyo vizuri. Kwa hiyo sukari ile haikutiwa kwa ajili ya utamu.

Umeuliza mbona nyumba yako ni safi. Nakuamini. Rota haichagui. Karibu kila mtoto duniani huipata kabla ya kufika miaka 5, wa jumba na wa kibanda. Virusi vichache mno vyatosha kumwambukiza, na hukaa kwenye mikono kwa saa kadhaa, na kwenye vitu vya kuchezea na vitasa vya milango kwa siku nyingi. Nchini Marekani, kwenye mabomba na sabuni za kila aina, kabla chanjo haijaanza kutumika mwaka 2006, watoto kati ya 55,000 na 70,000 walilazwa hospitali kila mwaka kwa rota. Waliokufa walikuwa kati ya 20 na 60 tu. Sasa linganisha na kwetu. Makadirio ya Kenya yaliyochapishwa mwaka 2009 yalisema rota huua watoto wapatao 4,500 kila mwaka, na kuwapeleka watoto kliniki zaidi ya mara milioni 1.4. Virusi ni vile vile. Tofauti ni kwamba mtoto wa kule hufikiwa na maji ya dawa mapema, na wetu hungoja meno yapite, kombe likauke, na bahari ijae.

Nikiziona hesabu zile sioni karatasi. Kila safari moja kati ya hizo milioni na zaidi ni nauli iliyokopwa, ni mume aliyekatiza dago, ni mtoto mkubwa aliyeachwa kwa jirani. Duniani kote, mwaka 2000 rota iliua watoto zaidi ya 500,000. Kufikia 2016 makadirio yalikuwa yameshuka hadi kama 128,000, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara. Kilichozishusha ni ORS, hali bora za maisha, na chanjo.

Hapo naja kwenye matone. Usafi uendelee, mwanangu, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumtawaza mtoto na kabla ya kumlisha, kinyesi cha mtoto kitiwe chooni kwa sababu si safi kama wanavyosema wazee, na nepi zisifuliwe karibu na kisima. Hayo huzuia kipindupindu na mengi mengine. Lakini rota peke yake usafi hauimalizi, na ndiyo sababu ikatafutwa chanjo.

Kenya iliiingiza chanjo ya rota kwenye ratiba ya watoto wote mwezi Julai 2014, bila malipo. Hutolewa mdomoni, dozi ya kwanza mtoto akifika wiki 6, ya pili wiki 10, na aina nyingine zina ya tatu wiki 14. Sasa nakuuliza: matone aliyopewa mwanao yalikuwa yepi? Polio nayo hutolewa mdomoni, matone mawili, na mara nyingi siku ile ile. Akina mama wengi hukumbuka "alipewa matone" wakadhani ni yote. Fungua kijitabu cha mama na mtoto, utazame mstari wa rota, uone kama tarehe zimeandikwa zote. Kumbukumbu isitegemewe hapa.

Ukikuta alikosa dozi, usikae na huzuni, kipeleke kijitabu kliniki. Zamani mtoto aliyechelewa alikuwa akirudishwa, lakini Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2013 kwamba asinyimwe kwa kuchelewa tu, na baada ya miezi 24 ndipo haina haja tena. Muuguzi atakuambia anavyostahili kwa umri wake na kwa aina ya chanjo iliyopo. Kupata rota mara moja hakumkingi asiipate tena, ila mara ya kwanza ndiyo huwa kali kuliko zote.

Na ukikuta dozi zake zote zipo, bado chanjo haikukudanganya. Jirani zetu wa Kilifi, pamoja na Siaya, watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa kwa kuharisha wakaona kwamba chanjo ilizuia karibu theluthi mbili ya kulazwa kwa sababu ya rota. Theluthi mbili si yote. Watoto waliodumaa kwa lishe duni ilionekana kuwakinga kidogo kuliko wenye lishe nzuri, nalo hilo laniuma, kwa kuwa wenye haja kubwa ndio waliopata haba. Lakini theluthi mbili ya vitanda vile vya hospitali kubaki vitupu ni jambo ambalo sisi tuliofanya kazi humo twalijua uzito wake.

Kuna watakaokuambia chanjo hii husokota matumbo. Maneno hayo yana asili. Chanjo ya kwanza ya rota, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1998, iliondolewa mwaka 1999 baada ya kuonekana kwamba watoto wachache utumbo wao ulijiingiza ndani yake na kuziba. Chanjo zilizofuata zilijaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watoto kwa sababu ya tukio hilo. Na katika utafiti wa nchi saba za Afrika uliochapishwa mwaka 2018, Kenya na Tanzania zikiwamo, hatari hiyo haikuonekana kuongezeka kwa chanjo iliyokuwa ikitumika. Hata hivyo mtoto yeyote, mwenye chanjo au asiye nayo, akilia kwa vipindi akikunja miguu, akatapika na choo kikatoka na damu, huyo ni wa hospitali mara moja.

Kuhusu zile dawa ulizoletewa, sitasema sana. Antibiotiki haziui virusi, na zinaweza kuzidisha kuharisha. Vidonge vya kufunga tumbo mtoto mdogo hapewi kabisa, hata robo. Huusimamisha utumbo, tumbo likafura, maji yakakaa ndani yasionekane na mtoto akawa hoi huku nyumba inashukuru kwamba amepona. Anayeuza dawa angekuuliza umri wa mtoto, angekupa ORS na zinki, na ni rahisi kuliko vyote alivyokuuzia.

Kombe na dua sikukatazi. Ila kombe linywewe dogo, liandikwe kwa maji yaliyochemshwa, na kijiko cha ORS kisisimame kwa ajili yake. Majani ya mpera mtoto wa umri ule asipewe. Yakishika nafasi ya maji tumboni mwake, yamemzuia kupata kilicho bora.

Mavyaa. Mwanangu, huyu mama hamchukii mjukuu wake. Amezika au ameona wakizikwa watoto wa kuharisha, zamani ambapo hapakuwa na pakiti wala zinki, na watu wakatafuta sababu, na sababu ikaangukia kwa mwanamke kama kawaida. Ukimwendea kwa "daktari amesema umekosea" utapata mlango uliofungwa. Aliyefaa kusema naye ni mwanawe. Kunyamaza kwake si adabu, kunakuachia wewe mzigo wa watu wawili. Mwambie mumeo nimesema hivyo. Akae na mamake peke yao, amletee hadithi ile kutoka kwa mwalimu wanayemwamini, na aseme kwa kinywa chake kwamba mkewe hana kosa. Wewe usiwepo.

Halafu mpe mavyaa kazi. Kijiko kila dakika mbili, mchana na usiku, hakiwezwi na mama mmoja aliyekesha. Kinahitaji mtu mwenye subira, mwenye mapaja mapana, anayependwa na mtoto. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kambi za wakimbizi mpakani mwa India, dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis, huko Bangaon, akakoroga maji ya chumvi na sukari kwa mapipa, na walionywesha wagonjwa wakawa mama zao, dada zao, jamaa zao. Vifo vilikuwa karibu asilimia 30, vikashuka chini ya 4. Walionusurisha wagonjwa wale hawakuvaa koti jeupe. Mavyaa wako anaweza hiyo kazi kuliko nesi yeyote, na akishaona macho ya mtoto yakirudi kwa mkono wake mwenyewe, hutahitaji kubishana naye juu ya maziwa. Hili nimeliona kwa nyanya wengi.

Nunua pakiti mbili tatu za ORS na zinki uziweke kabatini pakavu. Mwonyeshe mavyaa zilipo, mwonyeshe na chupa ya kupimia.

Wifi yako aliyejifungua anyonyeshe maziwa matupu miezi 6 bila maji wala uji, hilo peke yake ni kinga kubwa ya kuharisha. Mtoto wake akiharisha kabla ya hapo, ORS ni ruhusa kama dawa, na ziwa haliachwi. Muhesabuni wiki 6 tangu siku aliyozaliwa mtoto, muiandike ukutani, na mkiwa na simu mwulize zahanati siku mbili kabla kama chanjo ya rota ipo, ili msiende bure. Ikiwa imekwisha, mwulize italetwa lini na mrudi siku hiyo. Wewe uende naye, na kijitabu cha mwanao ukibebe.